Kilio Kilichotoka Kwenye Redio

Baba yangu alililiwa mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa mzima kabisa, anakula na kulala kama watu wengine, na kosa halikuwa la mtu. Lilikuwa la kaseti.

Nimeikumbuka habari hii juzi, nikitafuta kiberiti kwenye kabati la mama kule Hasamba. Mkono uligusa kopo kuukuu la mafuta ya kupikia, na ndani yake nikakuta betri kubwa za redio, zimevimba na kutoa unga mweupe. Mama si mtu wa kutupa kitu. Nilizinusa kabla hata ya kufikiri. Harufu ya betri iliyokufa ni kali, ya kutu, na inang'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Watu wa rika langu mnaijua. Sisi ndio tuliokuwa tukianika betri juani kama dagaa, tukizigonga kwenye jiwe, tukiziuma ubavuni kwa meno ili taarifa ya habari isikatike katikati. Watoto wangu nikiwasimulia hucheka, wanadhani natia chumvi.

Tulikuwa tukikaa na bibi, mama yake baba, kwenye nyumba ya bati juu ya kilima, migomba nyuma na kahawa ikishuka mbele hadi kijitoni. Baba alikuwa ng'ambo, kwenye migodi ya shaba ya Zambia. Jambo hilo lilikuwa la kawaida; kila kitongoji kilikuwa na mtu wake ng'ambo. Mizigo aliyotutumia ilipita Nakonde kwa madereva wa malori hadi kwa baba mdogo Eliya, mdogo wake, aliyekuwa akibadilisha fedha pale mpakani Tunduma. Eliya ndiye aliyetuletea nyumbani: sabuni, sukari, blanketi, na viatu vya plastiki ambavyo havikuwahi kunitosha kwa sababu baba alinunua kwa kukumbuka, na mimi nilikuwa nakua.

Halafu mizigo ikakoma. Mahindi yalivunwa, yakapandwa mengine, nayo yakavunwa, na kutoka ng'ambo hapakuja hata salamu. Eliya aliuliza madereva mpaka wakaanza kumkwepa. Mmoja alisema mgodi ulikuwa umepunguza watu. Mwingine alisema kulikuwa na ajali chini ya ardhi, ila hakujua ni mgodi gani. Pale kijijini watu walianza kunyamaza mama alipofika kisimani, na kuanza tena alipoondoka na ndoo yake.

Mimi niliambiwa na wasichana wenzangu, maana watoto hawana siri. "Mama yako akirudishwa kwao Isansa, nani atakusuka?" mmoja aliniuliza, bila ubaya, kama mtu anayeuliza kesho tutacheza wapi. Ndipo nilipojua. Kama baba amekufa, ukoo utakaa kikao. Mama ataulizwa kama atabaki chini ya Eliya, na akikataa, atarudi kwa wazazi wake Isansa. Mimi na mdogo wangu Aroni tungebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mama alikwisha sema waziwazi, akisonga ugali, kwamba Eliya ni mtoto aliyembeba yeye mwenyewe mgongoni, na hawezi kumwita mume. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea neno moja kutoka ng'ambo, na neno hilo haliji. Nilikuwa nikilala nimeshika pindo la kanga yake.

Eliya alikuja wakati wa msimu wa kahawa, asubuhi ya baridi ya kutoa moshi mdomoni, amebeba redio kaseti mpya yenye spika mbili. Alikuwa kijana wa maneno mengi, mwenye kofia ya Kizambia na tabia ya kuchomeka maneno ya Kibemba hata mahali ambapo hayakuhitajika. Aliiweka redio juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, pale uani, ikitazama bondeni. Kisha akatoa kaseti mfukoni kama mchungaji anavyotoa sakramenti.

"Shemeji, imetoka kwa kaka."

Mama aliacha kugeuza kahawa. "Kakupa mwenyewe?"

"Kampa dereva."

"Dereva kamwona?"

Eliya alijikuna shingo. "Dereva naye alipewa na dereva mwenzake, huko njiani. Lakini ujumbe ni wa kaka. Amesema: mpe Eliya wa Tunduma, awaambie nyumbani kwamba siku hiyo nilikuwepo."

"Siku gani?"

"Siku hii hapa," Eliya alisema, akiigonga kaseti kwa ukucha.

Kwenye jalada walikuwepo vijana wa Kizambia wenye nywele za duara na suruali pana, wamekunja sura kama wanaodaiwa. Eliya alitueleza kwamba hiyo ni bendi ya roki, muziki wa magitaa ya umeme, tena roki nzito, isiyotaka masihara. Na kaseti hii haikurekodiwa studio. Bendi ilipiga jukwaani, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa migodini, watu wamejaa, na mashine ikanasa kila kitu, muziki pamoja na watu wenyewe. "Ukisikiliza vizuri unasikia hadi wanaokohoa," alisema. "Kaka yumo humu ndani."

Alibonyeza. Kwanza ukasikika mkwaruzo, kisha watu.

Nataka mnielewe hapa, maana nilikuwa mtoto wa Hasamba na sijawahi kufika mjini. Sauti ya watu wengi wanaopiga kelele pamoja nilikuwa nimeisikia mahali pamoja tu. Kanisani watu huimba kwa mpangilio, mpirani tulikuwa watoto wachache na mbwa. Wanawake wanapopaza sauti ikapanda na kuvunjika, wanaume wakaunguruma chini yake, mtu mmoja akaita jina na wengine wakamfuata, kwetu huo ni msiba. Kwa hiyo nilivua viatu, nikakaa chini, nikavuta sketi ikafunika miguu, kama tulivyofundishwa. Aroni nikamkalisha pembeni yangu. Kumbe hicho ndicho baba alichotutumia. Ametutumia kilio, na Eliya amesema yeye yumo ndani. Msiba ambao mtu yumo ndani ni wa nani kama si wake?

Halafu gitaa lilianza. Lilikata zile kelele katikati, kwa ukali, kama mashine ya kumenyea kahawa iliyomeza jiwe, ngoma zikafuata, na kuku wa bibi wakatawanyika. Eliya alianza kucheza, magoti yameinama, anatikisa kichwa mpaka kofia ikaanguka. Nilimwona mtu mbaya sana. Mtu anacheza kwenye kilio cha kaka yake! Lakini niliona watu wazima hawajaelewa bado, na si kazi ya mtoto kuwaambia.

Mama hakulijali gitaa. Alikuwa amesogea hadi sikio likakaribia kugusa spika.

"Rudisha nyuma," alisema.

"Wapi?"

"Pale kwenye watu. Kuna mluzi."

Eliya alirudisha. Watu wakapiga kelele upya, na kweli, kabla tu ya gitaa kuanza, mtu mmoja alipiga mluzi wa vidole viwili, mrefu, wa kuita ng'ombe. Baba alikuwa akipiga mluzi wa namna hiyo. Kabla hajaenda ng'ambo tulikuwa tukimsikia jioni kutoka kijitoni, na bibi alikuwa akiweka maji ya ugali jikoni kwa kuufuata.

"Ni yeye!" Eliya aliruka. "Iwe! Ni kaka huyo!"

"Rudisha," mama alisema.

Alirudisha. Na tena. Na tena. Gitaa halikupata nafasi ya kumaliza hata mstari. Likianza tu, mama ananyoosha mkono, Eliya anarudisha, na kilio kinaanza upya. Jua lilipanda, tukiwa pale pale. Sauti ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Kurudisha kaseti kunakula betri kuliko kitu chochote, na betri zikianza kuchoka kaseti inazunguka polepole. Sauti zikaanza kuwa nzito. Wale wanawake waliokuwa wakipiga kelele za furaha wakashuka, wakavuta maneno, wakaanza kuomboleza kwelikweli. Hata wewe mtu mzima wa leo, ungewekwa ng'ambo ya bonde lile, ungesema nini?

Majembe yalinyamaza. Sikuwa nimetambua kwamba yalikuwa yakisikika mpaka yaliponyamaza. Kwetu kilio kikisikika hakuna anayebaki shambani. Anayeendelea kulima wakati mwenzake analia, siku yake ikifika atachimba kaburi na watoto wake tu. Wanawake hupita nyumbani kuchota unga, wanaume hubeba kuni, na hakuna anayeuliza kwanza. Kuuliza utauliza ukishafika, ukishalia.

Wa kwanza kuingia uani alikuwa Mama Sikitu, jirani yetu, mwanamke asiyekosa msiba hata wa kijiji cha tatu. Alikuwa na ungo wa unga kichwani na kanga kiunoni. Aliushusha ungo, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio kilichoizidi redio.

"Yohana weee! Yohana umetuacha na nani!"

Mama alisimama. "Mama Sikitu, nini?"

Lakini nyuma yake walikuwa wameshafika wengine, na nyuma yao wengine, wakipanda kilima kwa njia zote. Kila aliyefika alilitaja jina lile lile la baba. Hakuna aliyekuwa ameambiwa nani amekufa. Hawakuhitaji. Niliona uso wa mama ukibadilika, na leo ndipo najua kwa nini. Lisemwalo lipo, wanasema, na mama alikuwa akiona kwa macho yake kwamba kijiji kizima kilikwisha mzika mumewe siku nyingi, kikawa kinasubiri tu ruhusa ya kulia.

Mimi nilifarijika. Nisamehewe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hatimaye watu wazima wamefika, wameelewa, na sasa mtu anaweza kulia bila kukosa adabu. Nililia kwa nguvu zangu zote, Aroni akaniunga mkono.

"Ni kaseti!" Eliya alikuwa akipiga kelele. "Ni muziki jamani! Hakuna msiba hapa!"

"Hakuna msiba?" Mama Sikitu alisema kwa hasira, akinionyesha kwa kidole. "Mtoto mwenyewe analia, wewe unasema hakuna msiba?"

Ndipo bibi alipotokea. Alikuwa chini kijitoni akiosha kahawa, na alikuwa amekisikia kilio kikitoka nyumbani kwake mwenyewe. Mikono ilikuwa bado na ule utelezi wa kahawa, inang'aa hadi viwikoni. Aliwatazama wanawake waliokaa chini, akamtazama mama aliyesimama, na hakumuuliza mtu. Alikaa chini pale pale. Hakupiga yowe kama wengine. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu. Mwanangu. Mwanangu," akipigapiga ardhi kwa kiganja kama mtu anayebembeleza mtoto alale. Nimeshahudhuria misiba mingi tangu siku ile, na hakuna sauti iliyoniuma kama ile.

Mama alimwinamia, akamshika mabega. "Mama, hajafa. Nisikilize. Hajafa, ni redio."

"Washa hiyo redio tusikie," alisema Mzee Osia. Huyu alikuwa mdogo wake babu yetu marehemu, na ndiye aliyekuwa amebaki kuwa mkubwa wa ukoo. Alikuwa amekuja na gogo la mgunga begani, na alikuwa bado hajalitua.

Eliya alibonyeza. Redio ilitoa mguno mmoja mzito, kama ng'ombe anayezaa, ikanyamaza. Alibonyeza tena. Hakuna. Betri zilikuwa zimekwisha.

Sijui kama mnaweza kuona hali ilivyokuwa. Kijiji kizima uani, mwanamke mzee chini, unga kwenye nyungo, na ushahidi pekee kwamba mtu yule yu hai umefia mikononi mwa Eliya. Kijana wa watu alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile.

Mzee Osia alilitua gogo. "Anika betri," alisema. "Tutasubiri."

Basi betri zilianikwa juu ya kichanja, katikati ya kahawa, na kijiji kilikaa chini kuzisubiri. Wanaume walikaa upande wao, wanawake upande wao, kama matanga. Kila wingu lilipopita watu waliangalia juu. Mwinjilisti alikuwa amekuja na kitabu chake cha nyimbo, akawa anakifungua na kukifunga, hajui aanzishe wimbo au asianzishe.

Mama Sikitu ndiye aliyeuliza jambo lililokuwa kwenye akili za wanawake wote. Unga je? Kama hakuna msiba, kila mtu abebe wake?

Bibi alikuwa ameinuliwa, amekalishwa kwenye kigoda. "Unga uliomlilia mtu haurudi kwenye debe," alisema. "Pikeni." Kwa hiyo ugali ulipikwa, wa kutosha msiba, na maharage, na wanawake walipika kimyakimya, maana hawakujua kama wanapikia aliye hai au aliyekufa.

Wakati chungu kinachemka, Mzee Osia alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyependa kupoteza mkutano.

"Kwa kuwa tumekusanyika," alisema, "tuseme kweli. Mwenzetu hajulikani alipo. Mke amekaa katikati, si mjane, si mke. Hii si haki hata kwake. Kama betri hizi hazitatuambia kitu, leo tulimalize. Ama akae chini ya Eliya, ama arudi kwao Isansa kwa heshima. Watoto ni wetu, watatunzwa."

Pindo la kanga lilikuwa mkononi mwangu tayari. Eliya alikuwa anaangalia ardhi. Mama alikuwa amesimama karibu na kichanja, na alijibu bila kupandisha sauti.

"Babu, mmekuja na unga wa mume wangu, nawashukuru. Mle mshibe. Lakini mimi sijalia. Mtu yeyote hapa ameona machozi yangu? Siku nikilia mimi, ndiyo siku mtakayokaa kikao."

Wanawake wengine waliguna. Mzee Osia alitikisa kichwa, akaomba betri.

Eliya alizirudisha ndani moja moja, akaziuma kwanza, akarudisha kaseti mwanzo kwa kuizungusha na kalamu ili asizichoshe. Alisema zitatosha mara moja tu. Hakuna aliyekohoa. Alibonyeza, na wale watu wa ng'ambo wakapiga kelele uani kwetu, safari hii kwa sauti zao wenyewe, nyepesi, za furaha. Niliwaona majirani wakitazamana. Mama Sikitu aliziba mdomo kwa kanga. Kisha mluzi ulipigwa, gitaa likapasua, na mwinjilisti akaangusha kitabu. Redio ilipiga muziki kidogo, ikazama, ikafa.

"Mluzi ni mluzi," Mzee Osia alisema. "Kila mchunga ng'ombe anapiga." Kisha akamgeukia bibi. "Wewe ndiye uliyemzaa. Useme wewe. Ni yeye au si yeye?"

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Alifuta mikono yake kwenye kanga, mkono mmoja, kisha wa pili, akamtazama mama, akanitazama na mimi.

"Ni yeye," alisema.

Na mambo yaliishia hapo. Mzee Osia alipiga magoti yake kwa viganja akasimama. "Basi mwenye mume akamlete," alisema, "na sisi tule."

Watu walikula. Walianza kwa aibu, wakamaliza kwa kicheko, na Mama Sikitu alitaniwa mpaka jioni kwamba amelia machozi ya mkopo.

Siku chache baadaye mama aliondoka na Eliya kwenda Tunduma, amevaa koti la bibi, jeusi, lenye harufu ya moshi, kaseti ikiwa kwenye mfuko wa ndani. Eliya alimvusha Nakonde na kumkabidhi kwa dereva anayemwamini. Mama hakujua Kibemba, wala hakuwahi kwenda mbali kuliko sokoni. Alijua jina la ukumbi tu, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kwenye jalada. Sitawasimulia safari yake kwa sababu yeye mwenyewe hakuisimulia kamwe. Alichosema ni kwamba alimkuta, na kwamba koti la bibi lilimfaa.

Walirudi wakati kahawa ya mwisho inakauka. Baba alikuwa amekonda, mvi zimemtoka, amebeba begi moja lisilojaa. Mgodi ulikuwa umemwachisha kazi, na aliona aibu kurudi mikono mitupu kwa watu waliozoea mizigo yake. Alikuwa akiuza karanga nje ya ule ukumbi. Siku ya kurekodi alikuwepo kweli, lakini ukutani, upande wa nje, kwa sababu hakuwa na tiketi. Aliponunua ile kaseti alikuwa na nia ya kuandika barua pia, ila maneno hayakuja, akaituma hivyo hivyo.

Alipopita kisimani wanawake walipiga vigelegele. "Karibu Marehemu!" Mama Sikitu alimwambia. "Sisi ugali wako tulishakula!" Jina lilimkaa. Mpaka uzeeni watu walimwita Marehemu, hata mbele ya wageni, na alikuwa akiitika. Kaseti aliipenda. Siku za sikukuu aliiweka, tukakaa uani tukisikiliza wale watu wakipiga kelele, na mimi na Aroni tulijua hasa wakati wa kuziba masikio, kabla tu gitaa halijaingia. Kilio kwanza, kisha mluzi, kisha gitaa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nilikuwa msichana mkubwa siku niliyokuwa nachambua maharage na bibi nikamuuliza, kwa mzaha tu, aliwezaje kuutambua mluzi wa mwanawe kati ya watu wote wale.

"Haukuwa wake," bibi alisema, akitupa jiwe pembeni. "Baba yako ana pengo la mbele. Ng'ombe alimpiga teke akiwa mdogo. Mluzi wake una upepo ndani. Ule wa redio ulikuwa wa mtu mwenye meno yote."

"Sasa kwa nini ulisema ni yeye?"

"Ulitaka mama yako aende wapi?"

"Na Mzee Osia aliamini?"

"Osia," bibi alisema, "ndiye aliyeokota lile jino."

Mama sikumuuliza. Yeye naye alilijua pengo lile kuliko mtu yeyote, na alirudisha kaseti asubuhi nzima.

Bibi alitangulia, kisha Mzee Osia, wote kwa uzee. Baba aliishi hadi nikawa na watoto na duka langu Tunduma. Simu ilipigwa na Aroni mchana, nikiwa nahesabu makreti. Alisema tu, "Dada, njoo nyumbani. Baba," na sauti ikamkatika.

Nilishuka garini barabarani, nikaanza kupanda kilima kwa mguu. Majembe yalikuwa yamenyamaza bonde zima. Nilipofika kwenye migomba nilikisikia, kutoka uani kwetu: sauti za wanawake zikipanda na kuvunjika, wanaume wakiunguruma chini yake, mtu mmoja akiita jina la Yohana na wengine wakimfuata. Katikati yao ilikuwepo sauti ya mama. Nilikuwa sijawahi kuisikia ikilia, lakini niliijua.

Nilisimama pale njiani na mkoba wangu. Watu waliokuwa wakipanda na unga walinipita, wakanigusa bega, wakadhani nguvu zimeniishia. Hazikuwa zimeniishia. Nilikuwa nasubiri gitaa lianze.